Uhuru na Rufani za London

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: je, taifa huru laweza kuhukumiwa ughaibuni? Nilimtajia Jamaika. Ilipata uhuru mwaka 1962, lakini hadi leo rufani zake za mwisho huamuliwa London, katika Baraza la Faragha la Mfalme. Barbados ilihamishia zake katika Mahakama ya Haki ya Karibi mwaka 2005, na mwaka 2021 ikawa jamhuri.

Hata hivyo, tusihukumu kwa pupa. Mwaka 1993, majaji hao hao wa London waliwaokoa Wajamaika wawili kitanzini, kwa kuwa kumngojesha mtu kifo zaidi ya miaka 5 ni ukatili.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walinena. Nami naongeza: atakaye kuihama nyumba ya kupanga, sharti ajenge yake imara.