Je, Wajua? Lita Moja ya Petroli Huungua na Lita 9,000 za Hewa

Petroli haiungui peke yake. Gramu moja inataka karibu gramu 14.7 za hewa, na ukiipigia hesabu lita nzima unapata takriban lita 9,000 za hewa. Kwa bodaboda anayeshinda kwenye barabara ya vumbi, hewa hiyo huja na chembe za mchanga wa silika, ambao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe ya maikroni 10, nyembamba mno kuliko unywele, hupenya kwenye utando wa oili kati ya ringi na silinda, ikaanza kukwangua. Baadaye utaona moshi wa bluu, oili inapungua, na fundi anataka silinda ichongwe.

Wengi hudhani filta ya hewa ni chekeche. Sivyo. Matundu ya karatasi yake ni makubwa kuliko chembe nyingi inazozikamata. Hewa inapopinda kati ya nyuzi, chembe nzito hushindwa kupinda nayo, hugonga uzi na kunasa. Vumbi lililonasa hunasa jingine, ndiyo maana filta iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Kuipuliza kwa kompresa kila jioni ni kuiua, kwani upepo mkali huchana karatasi. Zile zilizolowekwa mafuta kiwandani, kama za baadhi ya Honda, hazipulizwi wala hazioshwi. Hubadilishwa tu.

Dukani, jenyuini au mbadala? Angalia ukingo kabla ya bei. Hewa hufuata njia nyepesi, kwa hiyo mwanya mdogo pembeni mwa filta hupitisha vumbi bila kuchujwa, hata karatasi iwe bora namna gani. Jenyuini ina nguvu hapo, maana ilipimwa kwa boksi lile lile. Hata hivyo, mbadala wa kiwanda kinachopima bidhaa zake kwa kiwango cha ISO 5011 unaweza kufanya kazi sawasawa, na mara nyingi ni salama kuliko feki iliyofungwa kwenye boksi la jenyuini. Baada ya wiki ya kazi, fungua bomba la kuelekea kabureta upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi, filta inavuja.

Filta za pamba za kuoshwa, kama za K&N ya Marekani, hudumu, ila zinataka mafuta yake maalumu. Ile ya wazi inayofungwa bila boksi siipendekezi kabisa kwa kazi ya kila siku: huongeza mngurumo, hukaribisha vumbi na mvua, na kabureta isipobadilishwa jeti injini hupata petroli kidogo na kuchemka.

Filta ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, kamwe si petroli, ambayo hulegeza gundi na inaweza kulipuka. Ikaushe, ipake mafuta, uikamue bila kuisokota. Sponji kavu hupitisha vumbi.