Vikundi vya Wanafunzi Vyaweza Kuokoa Mbegu ya Viazi

Na Bwana Shamba, Njombe

Kila msimu wakulima wa Njombe huweka akiba ya viazi mviringo kwa ajili ya mbegu. Wengi huvijaza ndani ya gunia, au huvirundika katika chumba chenye giza. Siku ya kupanda ikifika, hufungua gunia na kukuta machipukizi marefu, meupe, yaliyosokotana kama nyuzi. Yakiguswa tu yanakatika. Viazi vingine vimekwisha kuoza. Hapo mkulima atanunua mbegu nyingine, au atapanda mbegu dhaifu. Kwa vyovyote vile hasara ni yake.

Nani atamsaidia? Bwana Shamba ni mmoja, na vijiji ni vingi. Lakini vijiji vyetu vina shule, na shuleni wamo vijana wanaojua kuhesabu, kupima, kuandika na kuchora. Wakigawanywa katika vikundi vya watu wanne au watano, wanaweza kufanya uchunguzi ambao wazazi wao watauona kwa macho.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule isitengane na maisha ya kijiji. Mwaka 2011 ilianzishwa nchini shughuli iitwayo Young Scientists Tanzania, ambayo huwashirikisha wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi huchagua tatizo la mahali pao, hulichunguza wakiongozwa na mwalimu, kisha hueleza walichokipata. Maonyesho ya kwanza yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mfano ulitoka Ireland, ambako maonyesho ya namna hiyo yalianza mwaka 1965.

KAZI YA KWANZA: VIAZI GIZANI NA VIAZI KWENYE MWANGA

Kikundi kichague viazi 40 vya aina moja. Kila kiazi kiwe na ukubwa wa yai la kuku, na kisiwe na kidonda.

Viazi 20 viwekwe kwenye gunia, ndani ya chumba chenye giza. Viazi 20 vitandazwe juu ya chanja, safu moja tu, visirundikane. Chanja iwe chini ya paa, mahali penye mwanga na hewa. Jua lisivipige, wala mvua isivinyeshee.

Kila mafungu mawili yapimwe kwa mizani siku ya kwanza. Kisha kila wiki, kwa muda wa wiki 8, kikundi kihesabu viazi vilivyooza na kupima urefu wa machipukizi kwa rula. Yote yaandikwe kwenye daftari. Mwisho mafungu yapimwe tena kwa mizani.

Wataalamu wanajua kwamba mwanga hufanya machipukizi yawe mafupi, manene na yenye nguvu. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, nchini Peru, kilieneza njia hii tangu miaka ya 1970. Lakini mkulima haamini maneno matupu. Ataamini akiona mafungu mawili yamewekwa mezani, moja kando ya lingine.

Baadaye mafungu yote mawili yapandwe katika bustani ya shule. Udongo uwe mmoja, mbolea iwe moja, na siku ya kupanda iwe moja. Wakati wa kuvuna, kila fungu lipimwe peke yake.

Jihadharini! Kiazi kilichokaa kwenye mwanga hugeuka kijani. Hicho ni cha kupanda tu. Kina sumu, na kukichemsha hakuondoi sumu hiyo. Wanafunzi waandike kibao: MBEGU, SI CHAKULA.

KAZI NYINGINE

Baridi ya bondeni. Mwezi wa Juni na Julai sakitu huunguza mimea. Kikundi kiweke sahani tatu zenye maji kidogo wakati wa jioni: moja bondeni, moja katikati ya mteremko, moja juu. Asubuhi mapema watazame ni sahani ipi imeganda. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka bondeni kama maji. Wakirudia kwa siku nyingi watajua ni mahali gani pasipofaa kwa mimea inayoogopa baridi.

Mvua ya paa. Kopo lenye pande zilizonyooka liwekwe mahali pa wazi. Kila siku saa 3 asubuhi maji yapimwe kwa rula, kisha yamwagwe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 likipata milimita 10, hupokea lita 480. Hesabu hii itaonyesha kama mfereji na pipa ni mali.

Upepo wa Makambako. Wenyeji wa Makambako wanaujua upepo wao. Wanafunzi wafunge kitambaa juu ya mti mrefu, na kila siku waandike upepo umetoka upande gani. Baada ya miezi kadhaa kijiji kitajua pa kupanda miti ya kukinga mashamba.

Jiko na kuni. Wanafunzi wajenge jiko la udongo. Wachemshe lita 3 za maji kwa jiko hilo, na lita 3 kwa mafiga matatu, sufuria ikiwa ileile. Kuni zipimwe kabla na baada. Warudie mara tatu, maana jaribio la mara moja halitoshi.

SANAA ISIACHWE

Daftari likifungiwa kabatini halimfaidii mtu. Mchoraji wa kikundi achore picha kubwa ya chanja na gunia. Wengine watunge ngonjera: mkulima mmoja atetee gunia, mwingine atetee chanja, na viazi vyenyewe viamue. Waionyeshe kwenye mkutano wa kijiji. Hata asiyejua kusoma ataelewa.

Kazi igawanywe kwa haki. Msichana asipewe ufagio wakati mvulana anashika mizani. Wote wapime, wote waandike, wote waseme. Na matokeo yakiwa kinyume cha walivyotazamia, yaandikwe vilevile. Daftari la uchunguzi halidanganyi.

Nanyi wazazi, toeni viazi 40, miti ya chanja na nafasi ya kuwasikiliza watoto. Msibadili ghala lote kwa siku moja. Jaribuni kwa debe moja msimu huu. Kuona ni kuamini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mbegu yako ya viazi unaiweka wapi? Msimu uliopita iliharibika kiasi gani?

2. Kwa nini mafungu yote mawili yapandwe siku moja na katika udongo mmoja?

3. Ni tatizo gani la kijiji chetu ambalo wanafunzi wanaweza kulichunguza?