Mashujaa wa sinema: Wa kuchorwa au wa damu na nyama?

UKITAKA kuona jinsi nyumba moja inavyoweza kugawanyika mapande mawili bila siasa kubisha hodi, waketishe sebuleni wapenzi wawili wa sinema za mashujaa, kisha uwaulize zipi ni bora: za katuni ama zile zinazoigizwa na watu.

Kwangu ugomvi huo ulizuka Jumamosi moja jioni. Kifungua mimba wangu, ambaye yuko chuoni, alitaka tutazame The Dark Knight. Dadake mwenye umri wa miaka 11 akashikilia Spider-Man: Into the Spider-Verse. Runinga ni moja, na jioni ni moja.

"Katuni ni za watoto," kaka mtu akatoa hukumu. "Shujaa asiyeweza kuvunjika mguu ana ushujaa gani?"

Binti hakujibu. Aliinuka, akalichukua daftari lake la michoro lililokuwa mezani na kwenda kulificha chumbani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba maneno yale yalikuwa yamemchoma, maana mtoto huyo hushinda akichora mashujaa wake mwenyewe.

Nikajitwika kazi ya hakimu. Na hakimu mwema, kama ujuavyo msomaji, husikiliza pande zote mbili.

Mashahidi wa kaka

Upande wa watu halisi una mashahidi wazito. Chukua Superman ya mwaka wa 1978, iliyoongozwa na Richard Donner. Mle nyumbani kwa Lois Lane, Clark Kent, yule mwandishi wa habari mwenye haya nyingi, anavua miwani, ananyoosha mgongo na kukaza sauti. Hakuna moshi wala umeme, lakini tunamwona mtu mwingine kabisa. Kisha anaghairi, mabega yanalegea, na Clark anarudi. Kazi yote hiyo ilifanywa na mwili wa mtu mmoja, mwigizaji Christopher Reeve.

The Dark Knight yenyewe ilitoka mwaka wa 2008 chini ya Christopher Nolan. Heath Ledger, aliyeigiza adui aitwaye Joker, alifariki Januari mwaka huo kabla ya filamu kuonyeshwa, na mwaka wa 2009 akatunukiwa Oscar. Kinachotisha katika Joker wake si nguvu za ajabu, kwani hana. Ni ule ulimi unaolambalamba midomo, na fikira kwamba mtu kama huyo unaweza kukaa naye kiti kimoja kwenye matatu usijue.

Isitoshe, kuna Black Panther ya mwaka wa 2018. Mtazamaji wa Kenya alipomwona Lupita Nyong'o akiwa Nakia, aliona uso anaoufahamu. Na Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme wa Wakanda, alipoaga dunia mwaka wa 2020 akiwa na umri wa miaka 43, mashabiki waliomboleza kana kwamba wamefiwa nyumbani. Je, katuni yaweza kuombolezwa hivyo?

Mashahidi wa dada

Lakini hebu tumsikize na mdogo mtu.

Mwaka wa 2004 Brad Bird alitoa The Incredibles, katuni ya baba aliyekuwa shujaa ambaye sasa amebanwa kwenye kijichumba cha kampuni ya bima, tumbo limetoka, na bosi anamfokea. Mtoto ataicheka, lakini mzazi aliyetoka kazini ameinamisha kichwa atajiona mwenyewe. Nani basi aliyesema hadithi hiyo ni ya watoto pekee?

Nayo Spider-Verse ya mwaka wa 2018 inasimulia habari za Miles Morales, kijana wa Brooklyn anayepata nguvu asizojua kuzitumia. Ujanja wake ni huu: sinema hukimbiza picha 24 kwa kila sekunde. Mwanzoni mwa hadithi, wachoraji walimpa Miles mikao mipya 12 tu kwa sekunde, hali Peter Parker, mwalimu wake, akipewa yote 24. Wakiruka pamoja msituni, mkubwa anateleza kama maji na kijana anajikwaa hewani. Kadiri Miles anavyojifunza, ndivyo mikao yake inavyoongezeka. Mtazamaji hahesabu picha, lakini moyo wake unahisi kwamba mtoto amekua.

Kisha Miles anajitupa kutoka juu ya ghorofa, na picha inageuzwa juu chini ili anayeanguka aonekane akipaa. Filamu hiyo ilishinda Oscar ya katuni bora mwaka wa 2019. Mmoja wa waongozaji wake watatu, Peter Ramsey, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuongoza filamu iliyotwaa tuzo hiyo. Nilimwambia binti yangu jambo moja zaidi: kabla ya kuongoza, Ramsey alikula jasho la kuchora. Alikuwa akiwachorea waongozaji matukio ya filamu kabla hayajapigwa picha.

Mpaka uko wapi?

Ama kwa hakika, pande hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Superman alizaliwa kwenye kurasa za vitabu vya vibonzo mwaka wa 1938. Mwaka wa 1941 studio ya Fleischer ikamtengenezea katuni fupi za sinema. Mwaka wa 1948 ukafika wa kumwigiza kwa mtu, na Kirk Alyn akavishwa joho. Lakini kila alipotakiwa kupaa, mwigizaji aliondolewa na mahali pake pakawekwa mchoro! Tangu siku hizo, mtu alikuwa akimwita mchoraji amsaidie.

Siku hizi ndiyo zaidi. Thanos wa Avengers: Infinity War ya 2018 aliigizwa na Josh Brolin, lakini jitu lile la zambarau tunaloliona lilijengwa na mafundi kwa kompyuta wakifuata uso na mwendo wake. Anayewadharau wachoraji kisha akalishangilia pambano hilo, amekula mchuzi na kumkana mpishi.

Hukumu yangu ni hii. Usiulize kama filamu ni ya katuni au ya watu. Uliza: je, hadithi hii ikihamishwa upande wa pili, itapoteza kitu? Mchore Joker wa Ledger, na ile hofu ya kukutana naye barabarani itapungua. Mpige Miles picha kama mtu wa kawaida, na mwendo ule wa kujikwaa utapotea. Filamu isiyopoteza chochote haikuhitaji kuwa upande wowote. Hiyo ndiyo dhaifu.

Sisi wazazi nasi tuna funzo. Neno "katuni" lisitufanye tulale tukidhani kila kitu ni salama. Batman: The Killing Joke ya mwaka wa 2016 ni katuni, na kwao Marekani iliwekewa alama ya filamu isiyofaa watoto kuitazama peke yao. Tazama alama ya umri kwanza, kisha uketi na mtoto.

Jioni hiyo tuliitazama Spider-Verse mapema. The Dark Knight ikangoja mdogo alale, kwa kuwa Joker si mgeni wa kumkaribishia mtoto wa miaka 11 usiku. Miles alipojitupa kutoka ghorofani, nilimchungulia kaka mtu. Alikuwa amesahau chai yake ikapoa.

Filamu ilipokwisha hakusema kwamba ameshindwa, maana vijana hawasemi hivyo. Alimgeukia dadake akamwuliza, "Kile kidaftari chako kiko wapi? Hebu nionyeshe yule wako anavyoruka."

Binti alikimbia chumbani.