Pesa Zimekatwa, Tokeni Haijafika: Habari za Malipo Yako Husafiri Vipi?

Stima imeisha, uko kwako Kitale, na unanunua tokeni kwa simu. Unaweka Paybill 888880, namba ya mita, kiasi, halafu PIN. Meseji ya kwanza inaingia: pesa zimekatwa. Meseji ya pili, ile yenye tarakimu 20 za tokeni, kwa kawaida hufuata baada ya muda mfupi. Lakini kuna siku inachelewa, na swali tunaloulizwa sana na wateja ni hili: "Saa hii pesa yangu iko wapi?"

Jibu liko kwenye safari fupi ambayo huioni. Leo tutakueleza safari hiyo, kwa sababu ukiielewa utajua cha kufanya malipo yakikwama, na hutalipa mara mbili bila sababu.

Kompyuta nazo zina lugha zao

Malipo moja hupita kwenye mifumo kadhaa: wa kampuni ya simu, wa anayelipwa, na pengine wa benki au wa mtu wa kati. Mifumo hiyo haikujengwa na fundi mmoja. Mmoja umeandikwa kwa Java, mwingine kwa PHP, mwingine kwa Python. Kila mmoja hupanga habari za malipo yako kwa njia yake kwenye kumbukumbu yake, na mwingine hawezi kuingia humo akasoma.

Fikiria unatuma kitanda kutoka Kitale hadi Bungoma kwa matatu. Hakiingii kikiwa kimesimama. Unakifungua, unafunga mbao pamoja, unaandika kila kipande ni cha wapi, kisha kinapita Kiminini na Webuye juu ya gari. Fundi wa Bungoma akifuata maandishi yako, anakiunganisha tena. Huyo fundi si lazima atumie nyundo kama yako. Mnachohitaji ni kuelewana kuhusu maandishi tu.

Mifumo ya malipo hufanya vivyo hivyo. Malipo hufunguliwa, yakageuzwa kuwa mstari wa maandishi, yakatumwa kwenye mtandao, kisha yakaunganishwa upya upande wa pili. Watengenezaji wa programu huita kazi hii sirialaizesheni. Sisi tutaiita tu kufungasha na kufungua.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kazi kubwa ilikuwa kutumiana pesa mtu na mtu. Biashara zilipotaka kuunganisha mifumo yao, zilihitaji namna moja ya kufungasha. Kwa miaka mingi namna iliyotumika sana duniani ilikuwa XML. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, mlango wa watengenezaji wa programu, ambao hutumia JSON, namna fupi na rahisi kusoma. Mfano wetu ni huu:

{"kiasi": 500, "akaunti": "00457", "simu": "2547XXXXXXXX"}

Angalia alama za kunukuu. Kiasi hakina, kwa sababu ni namba ya kuhesabia. Akaunti inazo, maana yake: "Haya ni maandishi, usiyaguse." Hapo ndipo shida nyingi huzaliwa.

Sifuri inayopotea njiani

Tuseme mzazi wa Bungoma analipa karo ya mtoto anayesoma bweni Kitale. Namba ya mwanafunzi ni 00457. Ikifungashwa kama maandishi, inafika 00457. Mfumo mmoja njiani ukiichukua kama namba ya kuhesabia, unasema sifuri za mbele hazina maana, na inafika 457. Kwenye daftari la shule hakuna 457.

Pesa hazijapotea; ziko kwenye akaunti ya shule. Ila hazina jina la mtoto. Siku ya kufungua shule, mhasibu anaona deni, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani huku mzazi ana meseji ya malipo mkononi. Sifuri mbili tu.

Tarakimu 20 za tokeni

Tokeni nayo ina mtego wake. JavaScript, lugha inayotumika kwenye kurasa nyingi za intaneti, huhifadhi namba nzima kwa usahihi kamili hadi 9,007,199,254,740,991 pekee. Hizo ni tarakimu 16. Tokeni ina 20. Ukiipa lugha hiyo namba 12345678901234567891 kama ya kuhesabia, itakuonyesha 12345678901234567000. Mwisho umebadilika, na mita haitakubali tokeni ya aina hiyo. Ndiyo maana mfumo uliotengenezwa vizuri hubeba tokeni kama maandishi, hata kama macho yako yanaona namba.

Hata saa hufungashwa. Wewe unasema saa nane na nusu mchana. Daraja huandika mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde kwa mstari mmoja: 20240115143000. Ile 14 katikati ndiyo saa nane yako.

"Ombi limepokelewa" si "umelipa"

Ukilipa dukani na kisanduku cha PIN kikatokea chenyewe kwenye simu yako, duka hupata majibu mawili. La kwanza husema ombi limepokelewa. La pili huja baadaye likiwa na matokeo: 0 ikiwa malipo yamefaulu, 1032 ikiwa mteja ameghairi. Jibu la pili likichelewa, au mfumo wa duka ukishindwa kulifungua, mwenye duka ataona bado hujalipa hata kama pesa zimeshakatwa. Si lazima awe anakudanganya.

Na jambo la kukutuliza: PIN yako haimo kwenye kifurushi kinachotumwa dukani. Kwa hiyo mtu akikupigia ati anataka PIN ili "akwamue" malipo, huyo ni mwizi. Kata simu.

Sasa wewe ufanye nini?

- Andika namba ya akaunti kama ilivyo kwenye karatasi, pamoja na sifuri za mbele. Usiongeze nafasi, nukta wala jina la mtoto kama hukuambiwa uongeze.
- Soma jina la anayelipwa na namba ya akaunti kabla ya kuweka PIN. Ni sekunde tano tu.
- Usifute meseji ya malipo. Ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ulio mwanzoni ndio jina la kifurushi chako. Kwa huo, malipo yako hutafutwa yakapatikana.
- Tokeni ikichelewa, usilipe tena papo hapo. Piga *977# ya Kenya Power uangalie kama tokeni ilishatolewa.
- Kama pesa zilifika lakini hazionekani kwa jina lako, anza na aliyelipwa. Mpe namba ya muamala, tarehe, kiasi na akaunti uliyoandika. Yeye ndiye anaweza kuzihamisha hadi jina sahihi.

Na kama wewe ndiwe mwenye biashara, chama au shule, mwulize fundi wako swali moja kabla hajakukabidhi mfumo: "Nikilipa kwa akaunti inayoanza na sifuri, itafika nzima?" Kisha mjaribu pamoja kwa shilingi kumi. Shilingi kumi hizo ni nafuu kuliko foleni ya wazazi mlangoni siku ya kufungua shule.