Je, Wajua? Kutembea Sana Hakukondeshi Kila Mtu

Wanaume wa Kihadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku. Wakati wa utafiti uliochapishwa 2012, walinyweshwa maji yenye alama maalumu, kisha mkojo wao ukapimwa ili kujua nishati wanayotumia. Jibu liliwashangaza wataalamu: kwa siku nzima, miili yao huchoma nishati sawa na ya Mmarekani wa umbo lao anayeshinda kwenye kiti! Inaelekea mwili ukichoma zaidi huku, hubana matumizi kule. Basi mama wa Ilembo, Mpanda, anayepalilia mahindi tangu alfajiri na bado ni mnene, nani atamwita mvivu?

Kitambi cha miaka 40 nacho husingiziwa umri. Vipimo vya watu zaidi ya 6,400, vilivyotolewa 2021, vinaonyesha uchomaji wa nishati haupungui kati ya miaka 20 na 60.

Denmark, 1986: watu 540 waliolelewa na familia nyingine walifanana unene na wazazi waliowazaa. Waliowapikia miaka yote? Hakuna uhusiano.

Na mzani? Kunywa lita moja ya maji, upande papo hapo: kilo moja zaidi, mafuta hakuna.