Taji na Nguzo: Udumifu wa Saruji katika Meno ya Kupandikizwa

Jino la kupandikizwa lina sehemu tatu: mzizi, yaani skrubu ya titani inayozamishwa katika mfupa wa taya, nguzo inayosimama juu ya mzizi huo, na taji, lile umbo la jino lionekanalo na kutafuna. Juu ya mzizi mengi yamekwisha kuandikwa tangu Per-Ingvar Brånemark wa Göteborg, nchini Uswidi, alipomtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 1965. Yasiyosemwa sana ni habari za utando wa saruji, unaokaribia wembamba wa unywele, uliomo baina ya nguzo na taji. (Waganga wa meno watumiao Kifaransa nao husema «nguzo», istilahi hii basi haikuhitaji kutafutwa mbali.)

Saruji ya fosfati ya zinki, ambayo ni kongwe, hainati kama gundi. Huingia katika mikwaruzo midogo ya pande zote mbili, ikawa ngumu humo na kushika mfano wa kabari. Ndiyo maana umbo la nguzo lina kauli kubwa: nguzo ndefu yenye pande zinazokaribia kuwa sambamba hushika taji kuliko nguzo fupi iliyochongoka, na kuiparuza kwa mchanga wa alumina huzidisha nguvu hiyo.

Hapa ujuzi wa meno ya asili waweza kupotosha. Saruji ya ionoma ya kioo, iliyobuniwa Uingereza na Wilson na Kent, hujifunga kikemia na kalisi ya jino. Titani haina kalisi. Kwa hiyo saruji iliyo hodari juu ya jino si lazima iwe hodari juu ya nguzo. Zaidi ya hayo, jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazopunguza kishindo cha kutafuna, hali mzizi wa titani umeshikamana na mfupa wenyewe.

Katika maabara, taji zilizobandikwa huchovywa mara maelfu katika maji ya digrii 5 na ya digrii 55, kisha mashine huzivuta hadi zichomoke, na nguvu iliyotumika hupimwa kwa nyutoni. Mlaji wa bukari moto anayeshushia kwa maji baridi hufanya jaribio hilohilo, tena akiongeza mate, ambayo huyeyusha saruji polepole.

Je, saruji yenye nguvu kuliko zote ndiyo bora? La. Skrubu inayofunga nguzo huweza kulegea, na kauri ya taji huweza kumeguka. Taji isiyobanduka italazimu kukatwa. Kwa sababu hiyo waganga wengi huchagua kwa makusudi saruji dhaifu, kama ile ya oksidi ya zinki na yujenoli, mafuta yaleyale yapatikanayo katika karafuu ya Unguja na Pemba. Uchaguzi huo una gharama yake: taji ikichomoka ghafla yaweza kumezwa, au, lililo baya zaidi, kuvutwa mapafuni. Tena mabaki ya yujenoli huzuia saruji za rezini zisigande barabara.

Hata majina «saruji ya muda» na «saruji ya kudumu» yana udanganyifu. Yalitungwa kwa ajili ya meno ya asili. Juu ya nguzo iliyochongwa vema, saruji iitwayo ya muda huweza kushika taji kwa miaka.

Kuna pia saruji inayofurika na kubaki chini ya ufizi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulikuta mabaki hayo katika asilimia 81 ya mizizi iliyougua uvimbe, na baada ya kuondolewa, mingi ilipona. Saruji za rezini, kwa kuwa haziyeyuki upesi, ndizo ngumu kusafisha. Waganga wengine wameiacha saruji kabisa, wakafunga taji kwa skrubu ipitayo katikati yake, ingawa tundu la skrubu hiyo huhitaji kuzibwa.