Ufagio Mkononi, Furaha Nyumbani

Somo: Luka 15:8–9, Nehemia 3:12

Leo sitanena juu ya jambo kubwa. Nitanena juu ya ufagio.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana Yesu alitoa mfano wa mwanamke aliyekuwa na shilingi kumi, akapotewa na moja. Tukihubiri mfano huu, mara nyingi twaikimbilia ile shilingi. Lakini tazameni alivyofanya yule mama. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii. Alipoipata hakuketi peke yake na uchovu wake, bali aliwaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Kazi iliyoanza kwa ufagio ilikwisha kwa shangwe.

Sasa na tujiulize: katika nyumba zetu, kazi ya usafi huishaje?

Fikirini juu ya mama anayerudi jioni kutoka soko la Chwele. Amekaa juani tangu asubuhi, na mgongo wamuuma. Afikapo nyumbani akuta magunzi ya mahindi yametapakaa uani, sufuria hazijaoshwa, kiatu kimoja kiko mlangoni na mwenzake chini ya kiti. Neno lake la kwanza kwa watoto ni karipio. Binti mkubwa aanza kuosha vyombo huku amenuna. Ndugu yake wa kiume ametoroka kwenda kucheza mpira. Wadogo wafukuzwa wasije wakaharibu kazi. Baba ameketi, angoja chai. Baada ya saa moja nyumba ni safi, lakini hakuna anayecheka ndani yake. Watoto wala, walala, na siku imekwisha.

Ndugu zangu, hapo tumepoteza kitu. Vyombo vichafu si hasara, maana kesho vitachafuka tena. Hasara ni ile saa. Kwa wazazi wengi hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo jamaa yote iko pamoja, tena macho, nasi twaitumia kwa ugomvi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Musa aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao neno la Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Hakutaja jengo la shule. Alitaja saa za kawaida za kila siku. Basi hata saa ya kufagia ni darasa. Mtoto aliyefundishwa na makaripio yetu kwamba kazi ni adhabu ataikimbia kazi, na pengine ataikimbia na nyumba yenyewe.

Lakini yawezekana kuigeuza saa hiyo iwe ya mchezo na furaha. Nitaeleza kwa mambo manne.

Kwanza, mzazi awepo, na baba pia. Nehemia, sura ya 3, ina orodha ndefu ya watu walioujenga tena ukuta wa Yerusalemu. Wengi wetu huiruka kwa sababu ya majina yake magumu. Humo yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, aliyejenga pamoja na binti zake. Mtu mkubwa hakuona haya kushika mawe mbele ya watoto wake. Katika sura hiyo hiyo twasoma juu ya wakuu wa Watekoa waliokataa kuinama wafanye kazi. Baba, wataka watoto wako wakukumbuke pamoja na nani kati ya hao? Kijana wa kiume amwonaye baba yake akishika ufagio hatasema tena kwamba ufagio ni wa wasichana.

Pili, kazi ya mtoto iwe ndogo, tena iwe na mwisho. Ukimwambia mtoto wa miaka minne, “Safisha nyumba,” hajui aanzie wapi. Mwambie, “Okota magunzi haya, tia kikapuni,” naye ataelewa. Wa miaka sita aweza kupanga vikombe na sahani za bati kwenye kichanja, vikubwa kwa vidogo, akihesabu. Mkatie mdogo ufagio mfupi ulio sawa na kimo chake, maana mtoto mdogo hupenda kuiga kuliko kutumwa. Lakini moto, maji ya moto, visu, na dawa za mashambani si mchezo. Hivyo vibaki mikononi mwa watu wazima.

Tatu, tieni mchezo ndani ya kazi. Wekeni kikapu katikati ya uwanja, kila mmoja asimame mbali kidogo atupe magunzi ndani, nanyi mhesabu kwa sauti. Uwanja utakuwa safi, na kesho magunzi hayo yatawasha jiko. Viatu navyo vifungieni harusi: kila kiatu kimtafute mwenzake, na jozi zisimame mstarini ukutani. Anzeni wimbo mmoja wa Shule ya Jumapili, na chumba kiwe kimefagiwa kabla wimbo haujaimbwa mara tatu. Wakati wa kuosha vyombo, tegeaneni vitendawili: “Nina mtumishi, hula takataka zote wala hashibi.” Atakayesema “ufagio” naye atatega chake. Na wakati wa mavuno, jamaa ikikaa kupukuchua mahindi, nyanya au babu asimulie hadithi. Mikono itaendelea yenyewe.

Hata hivyo, angalieni mchezo usiwe mashindano ya kumwaibisha mtoto aliye mzito. Ni afadhali jamaa yote ishindane na wimbo kuliko ndugu ashindane na ndugu. Wala usiirudie kazi ya mtoto mbele ya macho yake. Kama sufuria imebaki na masizi, ingoje alale.

Nne, maliza kwa shukrani. Yule mama wa Injili aliwaita wenzake wafurahi naye. Kazi ikiisha, kaeni pamoja, mnywe uji au chai. Mtaje kila mtoto kwa jina na kile alichofanya, kisha mmoja wa watoto aombe. Nyumba yenye desturi hiyo haitatafuta mbali saa ya ibada ya jamaa.

Najua mama mmoja atasema, “Pasta, nikiwangojea watoto, kazi ya dakika 20 itachukua 40.” Ni kweli, mama, itachelewa. Siku ambayo umechoka mno, chagua jambo moja tu, viatu peke yake, na mengine uyafanye upesi ujuavyo. Lakini usihesabu dakika zile kuwa zimepotea. Umezinunulia kitu kisichouzwa sokoni.

Wala tusidhani kwamba mchezo ni upuzi wa watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kwa hiyo, baada ya kazi yenye mchezo, waachieni watoto nafasi ya mchezo usio na kazi yoyote.

Na Kanisa letu limelijali jambo la malezi tangu zamani. Mwaka 1876 Mary Sumner, mke wa kasisi katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, aliwakusanya akina mama wa parokia, matajiri kwa maskini, ili wasaidiane kulea watoto wao. Huo ndio mwanzo wa Mothers' Union, ambayo akina mama wetu wengi ni wanachama wake. Basi akina mama, na akina baba vilevile, lizungumzeni jambo hili katika vikundi vyenu. Kila jamaa itoe mchezo mmoja iliouona unafaa.

Jioni ya leo, kabla hujatoa karipio, tafuta kikapu, wimbo, na mtoto mmoja wa kuanza naye.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, uliyetupa watoto na nyumba za kukaa, utupe na uvumilivu. Utusamehe saa tulizozijaza kelele. Ubariki mikono midogo inayojifunza kazi, na mikono iliyochoka inayowafundisha, ili katika nyumba zetu wewe upate kusifiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.